Nyumba Isiyo na Mlango

Jumatatu, 3 Agosti 1953

Randa tangu alfajiri. Mninga mkavu, mgumu, bega linawaka. Mlango wa Mgiriki mwenye baa umebaki komeo tu. Mke wangu Eliza kaleta uji wa ulezi, nimekunywa nimesimama.

Saa mbili asubuhi jumbe wetu alipita na matarishi wa boma. Tarishi Donati mbele, shoka begani. Wakasimama kwa jirani yangu Zakaria, wakampigia kelele atoke. Zakaria alikuwa anavaa suruali. Donati hakungoja. Shoka mara tatu mlangoni, ubao wa kati ukapasuka. Zakaria alipotoka alipigwa teke la tumbo mbele ya mkewe. Kosa lake ni suruali.

Yote haya ni kwa ajili ya lile tangazo. Lilisomwa wiki iliyopita barazani. Kandokando ya barabara kuu, hapa hapa Tunduma, patakuwa pa nyumba za Wazungu na maduka ya Wahindi. Sisi wenyeji tuhamie bondeni nyuma ya kijito, penye matope hata kiangazi. Sababu wanayoisema ni nyasi. Paa za nyasi hushika moto, tena huficha panya. Nyumba zetu ni kumi na mbili, zote za nyasi. Sawa. Lakini baa ya Mgiriki nayo ni ya nyasi. Udongo uleule, miti ileile, aliyeliezeka paa ni yuleyule Zakaria. Mgiriki hakusomewa tangazo. Inaelekea nyasi za Mzungu haziungui.

Nimekasirika mpaka nimeharibu ubao. Patasi imeteleza, imekula kidole.

Jioni nimepata wazo. Watu wanaogopa milango yao ivunjwe. Wana haki ya kuogopa. Huku kwetu mlango si mchezo. Mtu akihama anaacha kuta, anaacha paa, mlango anaubeba kichwani. Wengine wana milango iliyotoka kwa babu zao. Basi nitawaambia waing'oe, niwatunzie katika karakana yangu mpaka ghasia iishe. Wakija na shoka wakute uwazi. Wapige hewa.

Wazo zuri. Nimejisifu mbele ya Eliza. Akaendelea kusonga ugali.

Jumatano, 5 Agosti

Milango kumi imeingia karakanani. Siku mbili za kung'oa bawaba. Nimeiegemeza ukutani, kila mmoja nimeuandika jina kwa chaki. Mlango wa Mzee Asukile ni mzito kuliko yote. Yule mzee ni Mndali, alitoka nao milimani kwao Itumba, anasema walipokezana wanaume wanne njiani. Ameniomba nikiurudisha niutie komeo jipya kwa ndani, lile la zamani limelegea. Nimemwahidi komeo la kuzuia tembo. Alicheka. Mkewe, Mama Lugano, alicheka pia.

Mlango wangu nimeuacha mahali pake. Lazima, maana ndio unaolinda ile kumi.

Aliyekataa ni Namonga peke yake. Mjane wa Kinamwanga, nyumba yake ndiyo ya kwanza ukitoka mpakani, anauza kimpumu, pombe ya ulezi, kwa wanaume wanaokwenda na kurudi migodini ng'ambo. Nilifika na nyundo yangu. Akanisimamia mlangoni, mikono kiunoni.

“Fundi, mimi sijahama. Mlango wangu uende wapi bila mimi?”

Nikamwambia yeye mbishi, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akaniambia mkuu simwoni hapa, namwona seremala. Wateja wake wakacheka huku mirija mdomoni. Nimeondoka nikiwa na hasira. Wakija kumvunjia asinililie.

Jumamosi, 8 Agosti

Mimi ni mpumbavu. Naandika ili nikisoma siku nyingine nisijidanganye.

Asubuhi jumbe alikuja karakanani peke yake. Bila Donati, bila shoka. Mpole kabisa. Akasifu kazi yangu. Akauliza ile milango yote ni ya nani. Nikamwonyesha. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, mmoja mmoja, kwa jina. Nilitaka ajue kwamba tumemzidi akili. Akawa anaandika katika kidaftari. Akanishukuru. Akaondoka akipiga mluzi.

Eliza alikuwa nyuma ya ukuta anapepeta ulezi. Akaingia na ungo mkononi. Akaniuliza, “Baba, kule kwenu Ihanda, nyumba isiyo na mlango mnaiitaje?”

Nikaitazama ile milango kumi.

Tunaiita hame. Nyumba iliyoachwa. Mtu akishabeba mlango wake amehama, hana neno tena. Yeyote anaweza kuja kuchukua miti akapikie. Nimelijua hilo tangu utoto. Mimi mwenyewe nimewahi kubomoa nyumba za namna hiyo kutafuta kuni na hakuna aliyenikemea. Na jumbe ni Mnyiha kama mimi. Analijua vilevile. Ameniacha niwahamishe watu kumi bila kunyanyua shoka.

Nilikimbia kumfuata. Nilikuwa na nyundo. Kama ningemkuta ningempiga kichwani. Sikumkuta.

Jumapili, 9 Agosti

Hatujamaliza hata ibada. Mtu akaingia kanisani akilia kwamba wanabomoa.

Walikuwa kwa Zakaria. Watu wa jumbe, wanane au tisa, wanang'oa miti kama wanavuna. Paa limeshalala chini. Jumbe amesimama pembeni na kidaftari. Anasema hii ni mila yetu wenyewe, si amri ya Mzungu. Nyumba imeachwa, mlango uko kwa fundi, muulizeni fundi.

Zakaria aliwarukia. Walimwangusha, wakampiga kwa miti ya nyumba yake mwenyewe. Nilisikia mkono ukivunjika. Nilikuwa mbali hatua ishirini na nilisikia. Nikaingia. Nimempiga mmoja ngumi ya koo, akakaa chini. Mwingine nilimng'ata sikio, ladha yake bado iko mdomoni. Kisha wakanipata. Mbavu, mgongo, mbavu tena. Walipochoka wakaondoka na miti.

Nikainuka kumsaidia Zakaria. Akachukua jiwe kwa mkono uliobaki, akanipiga nalo kipaji cha uso.

Hakuna aliyemzuia. Wala mimi sikukwepa. Watu walisimama wakinitazama damu inavyotiririka. Mmoja akasema mbona mlango wa fundi haukung'olewa. Mwingine akasema labda fundi amekula kwa jumbe. Nilitaka kuapa. Ningeapa kwa nini? Ushahidi wote uko kwangu, umeegemea ukutani na majina yake.

Eliza amenifunga kichwa kwa kitambaa cha kanga yake. Amesema kama nina akili yoyote iliyobaki niipeleke bomani kwa karatasi.

Jumanne, 11 Agosti

Bomani. Nimefika jana kwa lori la kahawa, juu ya magunia, kila shimo la barabara nimelisikia mbavuni.

Nilikuwa na barua niliyoandika Jumapili. Mambo mawili tu. La kwanza, hatukuhama, tulificha milango isivunjwe. La pili, nyasi ni nyasi. Kama sheria inahofia moto, moto haubagui. Mgiriki naye asomewe, au sisi tuachwe.

Nikakaa kwenye benchi la barazani kungoja. Karani akaja mbio, benchi hilo si la wenyeji. Nikamwuliza limeandikwa wapi. Tarishi aliyekuwa mlangoni hakupoteza muda kunisomea. Alinishika shingo, akaniburuta hadi kwenye ngazi, akanisukuma. Nimeanguka kwa goti. Suruali ya kanisani imepasuka. Nikarudi, nikasimama palepale karibu na benchi, bila kukaa. Nikasimama tangu saa tatu hadi saa nane. Goti limevimba.

Aliyenisikiliza ni Bwana Shauri mdogo, Mzungu msaidizi wa mkuu wa wilaya. Kijana, uso umeungua na jua, Kiswahili chake cha kitabuni. Alisoma barua yote. Aliposoma habari ya nyasi za Mgiriki alisimama kidogo, akarudia. Kisha akatoa karatasi ya jumbe. Akaniuliza, ni kweli mlitoa milango? Kweli. Ni kweli kwamba kwa mila yenu nyumba bila mlango imeachwa? Kweli, Bwana.

Akasema mwenye nyumba anayekaa ndani ana haki ya kusikilizwa kabla ya kuhamishwa. Nyumba iliyoachwa haina wa kusikilizwa. Atakuja mwenyewe Alhamisi ya wiki ijayo. Nyumba atakayoikuta ina mlango na mtu ndani, ataiandika kuwa ina mwenyewe. Isiyo nao, basi.

Mlango na mtu ndani. Nimelishika neno hilo kama dawa. Narudi kesho.

Ijumaa, 14 Agosti

Kazi. Kazi. Kazi.

Jana majirani hawakutaka hata nikanyage nyua zao. Nimesimama barabarani na mlango wa mtu kichwani, mwenyewe ananifukuza na mchi. Namonga ndiye aliyewanyamazisha. Alitoka na kata ya kimpumu mkononi, akawasimanga kwa Kinamwanga, halafu kwa Kiswahili ili na mimi nipate fungu langu. “Fundi ni mjinga, tumeshajua, tumeshampiga. Sasa mnataka mlango au mnataka kununa? Mwacheni apigilie.” Wakaniacha.

Baadhi ya miimo ya milango imepasuka nilipong'oa bawaba kwa pupa wiki ile. Nachonga upya. Ninatundika miwili kwa siku, nikijitahidi mitatu. Kila ninapomaliza mmoja narudia neno la Bwana Shauri: mlango na mtu ndani. Nimewaambia wote, tena na tena, mpaka wamelikariri.

Mlango wa Mzee Asukile nimeutundika leo. Komeo jipya la mti wa mkuruti, unene wa mkono wangu. Nimemwonyesha jinsi linavyoingia katika matundu mawili ya ukutani. Akalisukuma, akalivuta, akalisukuma. Hata Donati na shoka lake atalala hapo nje, nikamwambia. Mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema ahsante mwanangu. Nilitaka kulia. Sistahili.

Zakaria hana nyumba ya kutundikia mlango. Amesimika nguzo mbili, nimefunga mlango wake kati ya hizo nguzo, ubao wa kati tumeukaza kwa misumari. Mkewe amezungusha mikeka. Zakaria amekaa ndani na mkono uliofungwa, amefunga mlango. Hatusemeshani. Lakini alinishikia bawaba kwa meno.

Jumatatu, 17 Agosti

Nitaandika polepole.

Saa sita mchana walikuja na mienge. Upepo wa Agosti, nyasi kavu, wamechagua wakati wao. Jumbe hakuja. Donati na matarishi wanne. Wamesikia Bwana Shauri anakuja, wanataka asikute kitu. Watu wengi walikuwa mashambani, mimi nilikuwa upande wa chini kwa Zakaria. Nimeona moshi. Nyumba tatu za juu. Wenye nyumba mbili walitoka, wakapigwa virungu wakitoka, wakakimbilia mpakani kwa ndugu zao wa ng'ambo. Ya tatu ni ya Mzee Asukile.

Mzee alikuwa ndani. Alikuwa amefunga komeo. Donati alimwambia toka, mara ya kwanza, mara ya pili. Namonga aliye jirani alimsikia mzee akijibu kwa sauti ya juu: “Mlango upo na mtu yupo. Bwana Shauri alisema.” Donati akatupa mwenge juu ya paa.

Nilikimbia na shoka. Nilifika paa likiwa limeshika lote. Nikaanza kuupiga mlango. Nimeupiga mlango ule kwa nguvu zangu zote. Mninga wa milimani, bawaba zangu, komeo langu. Ulikuwa unarudisha shoka. Nilimsikia anakohoa. Nikamwita afungue. Nadhani hakuliona tena komeo kwa moshi. Nikapiga, nikapiga. Ubao wa kwanza ukatoka kipande.

Namonga alinisukuma pembeni. Alikuwa na jembe. Hakwenda mlangoni. Alikwenda ukutani, kando tu ya mlango, akapiga mara mbili, udongo ukaanguka, akapiga tena, akaingia nusu, akamvuta mzee kwa miguu.

Ukuta wa udongo. Mapigo matatu tu ya jembe. Mimi nimeshindana na mlango muda wote ule, kwa kuwa mimi ni fundi wa milango, sikuona kitu kingine. Ukuta ulikuwa pale pale, hatua moja mkono wa kulia.

Alikuwa bado anapumua. Ngozi ya mgongo imetoka pamoja na shati. Mama Lugano alikuja mbio kutoka shambani, akakaa chini, akaweka kichwa cha mumewe mapajani. Saa tisa alikata roho.

Donati alikuwa bado pale. Amesimama akitazama, anasema hakujua kama mzee angekaa kweli ndani. Nikageuza shoka, nikampiga kwa mpini mdomoni. Nilisikia meno. Akaanguka, nikampiga tena, taya likaenda upande. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya harusi yangu. Ningegeuza shoka upande wa chuma kama Eliza asingening'ang'ania miguu.

Matarishi walimbeba wakaondoka.

Jumanne, 18 Agosti

Tumemzika mbele ya nyumba yake, hatua mbili kutoka mlangoni, kama desturi. Jumbe alituma watu kukataza. Eti ardhi ya barabara haiwekwi kaburi, mzee apelekwe bondeni. Maiti imelala kwenye mkeka, na wao wanashika majembe yetu wasituache tuchimbe.

Tukapigana kaburini. Wanaume kwa fimbo, wanawake kwa mawe. Eliza alimpasua mtu kichwa kwa kibuyu cha maji, mimi sijawahi kumwona Eliza akipiga hata kuku. Namonga aliwaita wateja wake, watu wa migodini, waliokuwa wanarudi kwao. Hawamjui mzee. Walivua makoti, wakaingia. Mmoja alikuwa anapiga huku anasema mukwai, mukwai, kwa adabu kabisa, ndivyo watu wa ng'ambo wanavyoheshimu. Watu wa jumbe wakakimbia na damu zao.

Shimo tulilimaliza alasiri. Mchungaji aliomba kwa haraka. Jeneza nimelitengeneza mimi, kwa mbao za mlango wa Mgiriki. Sikumwomba ruhusa. Misumari ilikuwa michache kwa hiyo nimetumia vigingi vya mti.

Mama Lugano hajaniambia neno. Anitukane. Afadhali anitukane.

Alhamisi, 20 Agosti

Amekuja. Saa nne, na gari, na karani, na matarishi wawili wapya. Jumbe alikuwa wa kwanza kumkimbilia. Alimwambia habari ya taya la Donati kabla Bwana Shauri hajashuka garini. Akaninyooshea kidole. Nikasema ndiyo, ni mimi.

Akasema hilo litakuwa na siku yake. Kwanza milango.

Alianza kwa Namonga. Akabisha hodi, mwanamke akafungua, akafunga tena usoni pake kumwonyesha kwamba unafungika. Karani akaandika. Ya pili, ya tatu. Kila nyumba mtu yuko ndani, anafungua, anafunga. Mtaa mzima unagonga milango. Kwa Zakaria alikuta mlango wa mninga, nguzo mbili na mikeka. Jumbe akacheka kwa sauti. Bwana Shauri akabisha hodi vilevile. Zakaria akafungua kwa mkono wa kushoto. Bwana Shauri akamwambia karani, andika.

Tisa. Zile mbili za waliokimbia zilirukwa, kisha tukarudi juu kwa Mzee Asukile.

Kuta nyeusi, paa hakuna. Mlango uko chini umepasuliwa, na mpasuaji ni mimi. Ukuta una tundu. Jumbe akasema hii haina mlango wala mtu, Bwana, si ndivyo ulivyosema? Na kweli ndivyo alivyosema. Niliona karani anapiga mstari.

Mama Lugano alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya udongo mbichi. Hakuinuka. Akasema, “Mwenyewe yumo.”

Bwana Shauri hakuelewa. Akadhani kuna mtu ndani ya zile kuta, akachungulia. Namonga akamwonyesha chini. Akaangalia kaburi, akaangalia viatu vyake vilivyokuwa karibu kulikanyaga, akarudi nyuma. Akavua kofia. Akauliza ni nani. Nikamweleza yote, na komeo, na shoka, na ukuta. Nilisema kwa sauti ili kila mtu asikie, Mama Lugano asikie. Nilisema na hili: yeye Bwana ndiye aliyesema mtu awe ndani, mimi ndiye niliyelileta neno, mzee ndiye aliyelitii. Matarishi walitaka kunipiga. Akawazuia kwa mkono.

Akachukua kalamu kwa karani, akaandika mwenyewe. Sikuona alichoandika.

Baadaye alikwenda kwa Mgiriki kunywa chai. Tulimwona kwa mbali amekaa kwenye kiti, ameinua uso, anatazama paa la nyasi juu ya kichwa chake. Alitazama mpaka chai ikapoa.

Kesi yangu ni Jumatatu tarehe thelathini na moja. Nijipeleke mwenyewe, au nitafuatwa.

Jumatatu, 24 Agosti

Sijashika randa wiki nzima. Nikilala najiona napiga mlango.

Taya la Donati lina kesi. Lina karani, lina tarehe, lina mashahidi wanne. Mzee Asukile hana kesi. Matarishi wameandikisha kwamba hawakujua kama mtu yumo, na karatasi imewaamini. Laana iwe juu yao. Laana iwe juu ya mkono wangu pia.

Leo nimekwenda kwa Mama Lugano kumwambia nisamehe. Alikuwa anatwanga kwa Namonga, anakokaa sasa. Hakuacha kutwanga. Alisema, “Nimesikia ulivyosema siku ile.” Basi. Nikachukua mchi mwingine, tukatwanga kwa zamu mpaka ulezi ukaisha. Wanaume waliokuwa wanakunywa walinicheka, mwanaume na mchi. Sikupigana na mtu.

Jumapili, 30 Agosti

Kesho naondoka na lori la kahawa. Wanasema miezi sita jela, labda chini. Eliza ameishona suruali kwenye goti. Zakaria alikuja, akabeba sanduku langu la vifaa kwa mkono mmoja hadi kwake, akasema litakaa huko lisiibiwe. Ndilo neno la kwanza tangu jiwe.

Karatasi ya boma ilifika baada ya ibada. Nimeisoma kwa Namonga, watu wote wamesimama uani. Hakuna atakayehamishwa mpaka shauri lisikilizwe barazani, na atasikilizwa kila mmoja. Na neno la nyasi litakuwa kwa kila paa la barabarani, la mtu yeyote, Mgiriki ameandikwa. Hakuna aliyeshangilia. Watu wamechoka, na wawili wetu wako ng'ambo hawataki kurudi.

Chini kuna orodha ya nyumba na wenyewe. Nimesoma Namonga, nimesoma Zakaria, nimesoma jina langu. Ya kumi imeandikwa kwa mkono mwingine: Asukile, yumo.

Mama Lugano aliomba nirudie hiyo. Nikarudia. Akaja karibu, akaniomba nimwonyeshe ni maneno yapi hasa. Hajui kusoma. Nikamwekea kidole pale. Akaweka chake, akakiacha hapo kwa muda, halafu akasema maji yamechemka, akaenda kuyaepua.

Mchana huu kuna upepo kidogo. Barabara tupu. Watu wamelala ndani na milango iko wazi kwa sababu ya joto.